Aliyegusa Kumbukumbu za Ng'ombe

Ninaandika haya masikio yakiwaka. Ofisini kwetu Akheri kumbukumbu za ng'ombe ziko kwenye kompyuta, na mtu akihifadhi, mfumo wenyewe huandika saa ya badiliko. Siku tatu mfululizo nikakuta ng'ombe wote wamebadilishwa asubuhi. Nikamtaja Eliamani, karani mwenzangu, kwa meneja. Sikumwona, nisiseme uongo, ila ndiye hufika mapema.

Meneja akatuita. "Eliamani, kazi bado unaitaka?"

"Mama, sijagusa hata ndama!"

Meneja akabofya mahali nisipopajua, yakatokea majina. Langu, ng'ombe wa kwanza hadi wa mwisho.

"Wewe ulikuwa unafanya nini?"

"Nakagua kila mmoja, nione kama kuna aliyebadilisha."

"Ukishakagua?"

"Nabonyeza 'Hifadhi', mama. Zizi haliachwi wazi."