Fataki za Idi na Mbwa wa Sahro

Kwa jirani yangu Sahro, ukiingia na viatu utarudishwa nje, hata uwe nani. Ni mjane wa swala tano, mkali kwa najisi, na ulimi wake haujui likizo. Alihamia mtaa wetu, hapa pembezoni mwa Garissa, baada ya ukame kummalizia ng'ombe kule Bura. Alikuja na mbuzi wachache na Guduud, mbwa mwekundu wa kuwalinda. Mbwa wa kazi, si wa kuchezea. Chakula alirushiwa, amri alipewa kwa fimbo, na mkono wa Sahro haukuwahi kumgusa. Msimwite katili, mate ya mbwa ni najisi, na ndivyo tulivyolelewa sote.

Ikaja Idi, na fataki zake. Wazazi tunazilalamikia, na sisi hao hao ndio tunaowapa watoto hela za kuzinunua. Wanangu mimi walikuwa mstari wa mbele. Ya kwanza ilipopasuka baada ya magharibi, Guduud alitoka zizini mkia katikati ya miguu, akaenda kuukwaruza mlango wa Sahro. Sahro akaacha mkeka wake wa swala, akatoka na kumcharaza. Mbwa akatimkia barabara kuu, ambako malori hayamngoji mtu, sembuse mbwa.

Alirudi asubuhi akichechemea, nyayo zimechubuka. Nilimkuta Sahro amekaa na chai iliyopoa.

"Alikuja kwangu nimfiche," aliniambia. "Mimi nikamfukuza kwa fimbo. Wallahi, leo jioni zikilia tena atakimbia, na gari litamuua."

Akampigia simu binti yake Idman, anayefanya kazi katika ofisi ya mifugo kule Wajir.

"Hooyo, mama yangu, usimfunge kamba, atajinyonga," Idman alisema. "Mtafutie mahali penye giza, ziba dirisha, washa redio. Kisha ukae naye. Usimkaripie, anaogopa tu, si mkaidi."

"Nikae na mbwa? Siku ya Idi, wageni wakiingia na kutoka?"

"Basi mwache akimbie, hooyo."

Sahro alikata simu bila kuaga. Lakini mchana kutwa alikuwa kwenye stoo ya nyasi, anaziba dirisha kwa magunia. Mimi nikawapigia wanangu kelele waache fataki, wakaapa kwa viapo vyote. Watoto wa watu wengine je? Mtaa mzima siuwezi.

Jioni nikampelekea sahani ya sambusa. Nikamkuta ndani ya stoo, redio inaghani, mlango wazi, anamwita Guduud. Mbwa akaja hadi kizingitini, akasimama. Fataki ikapasuka nyuma ya msikiti. Akatetemeka mwili mzima, lakini hakuinua mguu. Sahro akamtupia nyama ndani. Mbwa akaitazama ile nyama, akamtazama na Sahro, akajilaza pale pale nje.

"Nilimchapa tangu mdogo asivuke mlango wowote," Sahro alisema. Machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi. "Sasa namwomba aingie, haamini."

Akatoka akaketi chini mchangani karibu naye, yeye na nguo zake za Idi. Wageni wawili wakafika getini, wakaona, wakageuza. Hakuwaita. Akanyoosha mkono, akaurudisha, akanyoosha tena, akauweka mgongoni mwa mbwa. Guduud akajikunyata akingoja kipigo. Hakikuja. Fataki nyingine zikalia, mkono ukabaki, ukampapasa polepole hadi shingoni. Hapo ukasimama.

"Njoo ushike hapa," akaniambia.

Nilisita, nakiri, lakini nilishika. Chini ya manyoya palikuwa na kovu refu, limezama, nyama imeungana vibaya.

"Fisi," Sahro alisema. "Kule Bura, mwaka juzi. Usiku kucha alibweka, nami sikutoka. Asubuhi nikawakuta mbuzi wote wazima, nikasema alhamdulillahi, basi. Yeye akalala siku kadhaa, hataki kwenda malishoni."

Guduud alikuwa ameuficha uso kwenye upindo wa nguo yake, bado anatetemeka. Sahro hakumwondoa.

"Sikumkagua," akasema. "Nilimpiga ainuke. Nikamwita mvivu."