Siku Niliyoitwa Mkadini

Nilipokuwa na miaka tisa nilikuwa nshatimiza miaka miwili Makunduchi kwa shangazi yangu, Bi Mize, na bado sijazoea ukimya wa nyumba yake. Mimi ni mtoto wa Mlandege. Nilizaliwa katika chumba cha juu ya duka la vitambaa, mahali ambapo mtu huamshwa na magurudumu ya mikokoteni na kulazwa na sauti za watu wanaofunga milango ya mabati. Nyumba ya shangazi ilikuwa ya mwisho kijijini. Nyuma ya ua wake yalianza maweni, mawe meusi yenye ncha na vichaka vifupi, na baada ya hapo hapakuwa na mtu mpaka baharini.

Nilipelekwa huko kwa sababu mama alikwenda Maskati kufanya kazi za nyumbani kwa watu. Baba alikuwa akifanya kazi bandarini, anatoka alfajiri na kurudi usiku, na hakujua hata kusuka nywele. Bi Mize ni dada yake. Mama alisema ni mwaka mmoja tu. Siku ya safari tulimsindikiza uwanja wa ndege, na alipokuwa anaingia mlangoni nilimwita kwa nguvu zangu zote. "Mama! Mama!" Watu waligeuka kunitazama, wote isipokuwa yeye. Leo nami nina wanangu na najua kwa nini hakugeuka: angegeuka asingeondoka. Mtoto wa miaka saba hayajui hayo. Nilichokijua mimi ni kwamba nimeita na sikuitikiwa.

Bi Mize hakuwa mkali. Alikuwa mjane asiye na mtoto, mrefu, mwenye mikono mikavu kwa maji ya chumvi, na alikuwa mtu wa maneno machache. Alinilisha vizuri, alinivisha vizuri, alinipeleka chuoni kusoma Kurani kwa wakati wake. Lakini jioni tulikaa barazani sisi wawili kama abiria wasiojuana.

Aliyekuwa akizungumza ni jirani yetu, Bi Kazija. Yeye ndiye aliyenipa habari za Mkadini. Ilikuwa pwani iliyo mbali, upande ambao hapana njia ya gari wala nyumba, na watu wa kijijini walikuwa hawaendi ila wachache, na hao wachache walikwenda kwa adabu.

"Mkadini pana mwenyewe," aliniambia siku moja huku akichambua mchele. "Anayajua majina ya watu wote. Ukiitwa kule, usiitike. Hata ukiijua sauti. Khasa ukiijua sauti."

"Nikiitika?"

"Unakwenda naye."

Akanihadithia habari za mwanamke mmoja wa zamani aliyemsikia mumewe aliyekufa maji akimwita kutoka mwambani. Akaitika "naam", akaingia baharini na nguo zake, na kilichopatikana ni ushungi tu. Kwa hiyo waliokwenda Mkadini hawakuitana. Ukimtaka mwenzako unamfuata mpaka alipo, unamgusa bega. Bi Kazija alipomaliza aliendelea na mchele wake, na mimi nikawa na jambo la kufikiri wiki nzima.

Shangazi alikuwa mmoja wa hao wachache. Alikwenda wakati wa bamvua, maji yanapotoka mbali sana asubuhi, kuchokoa pweza. Kwa kuwa kule wanaoenda ni wachache, pweza walikuwa wengi na wakubwa. Kila mara aliniacha kwa Bi Kazija. Mara hii skuli ilikuwa imefungwa, wenzangu wote wamekwenda kwa jamaa zao, na nilimsihi mpaka akachoka.

"Utachoka njiani," alisema.

"Sitochoka."

Nadhani aliona upweke wangu, maana hakuwa mtu wa kubadilisha neno. "Haya. Lakini nshakwambia na Bi Kazija kakwambia. Hatuitani kule."

Tulitoka baada ya sala ya alfajiri, kulipopambazuka. Yeye mbele na pakacha na chuma chake kirefu cha pweza, mimi nyuma na kandambili zilizokuwa zikinasa kwenye mawe. Tulitembea saa moja na nusu. Njia yenyewe ilikuwa alama tu za watu waliopita zamani, jiwe lililolainishwa hapa, tawi lililokatwa pale. Kisha mawe yakakatika ghafla, tukateremka kwenye ufa kati ya miamba miwili, na tukatokea pwani.

Nimeshatembea pwani nyingi za Unguja tangu hapo, za wavuvi na za mahoteli, na sijaona nyingine kama ile. Mchanga ulikuwa mweupe wa kuumiza macho, na haukuwa na alama hata moja ya mguu wa mtu. Hapakuwa na ngalawa, hapakuwa na kamba za mwani, hapakuwa na kopo wala kipande cha nailoni. Miti ya mikadi, iliyopapa mahali pale jina, ilikuwa imejiinamia juu ya mchanga na mizizi yake ya kama magongo. Kaa wadogo waliokuwa wakitembea walisimama tulipotokea, wote kwa pamoja, kama tumewaingilia nyumbani. Niliona uzuri wake, na papo hapo nikataka kulia. Mpaka leo siwezi kueleza vizuri kwa nini. Labda ni kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumwambia, "Tazama!"

Shangazi alinionyesha kivuli chini ya mwamba. Alinong'ona, "Kaa hapa. Usiondoke mchangani. Maji yakianza kurudi nitakuja." Akalizunguka jiwe kubwa lililoingia baharini, akapotea.

Nilicheza. Nilikusanya makombe, nikayapanga, nikayachoka. Nilikula muhogo niliofungiwa. Jua lilipanda, kivuli kikawa chembamba, nami nikajibana na mwamba. Sauti pekee ilikuwa ya mawimbi ya mbali na ya hewa iliyokuwa ikipumua kwenye matundu ya mawe. Sijui ulipita muda gani. Kwa mtoto aliye peke yake saa haina urefu unaojulikana.

Ndipo nikaitwa.

"Zuwena!"

Sauti haikutoka upande wowote. Ilikuwa kama imetoka ndani ya mwamba nyuma ya kichwa changu.

"Zuwena! Zuwena wee!"

Nilijifunika mdomo kwa mikono miwili. Nilisoma Kulhuwallahu, nikaikosea, nikaianza upya. Na katikati ya kusoma nikaitambua sauti. Ilikuwa ya mama.

Najua msomaji atasemaje, na mimi mwenyewe nimeshajiambia mara nyingi. Lakini wakati ule sikuwa na shaka yoyote. Mama yangu alikuwa ananiita kutoka baharini, na alikuwa ananihitaji.

Bi Kazija alikuwa amenifunza niogope, na niliogopa. Ila ndani ya woga kukapanda kitu kingine nisichofunzwa na mtu, hasira. Nilikumbuka uwanja wa ndege, mgongo wake na buibui lake jipya likipotea mlangoni. Nikasema moyoni, Niite. Niite mpaka uchoke, uone.

Aliita tena. Nikajikunja nikaweka kichwa kati ya magoti. Aliita tena na tena, na sauti ikaanza kukwaruza, na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nafurahi kila nilipoisikia. Miaka miwili nilikuwa nangojea kuitwa hivyo.

Kisha ikanyamaza.

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Nilingoja iite tena, haikuita. Nikaona ameniacha mara ya pili. Niliinuka nikakimbia kulizunguka lile jiwe, nikaingia maji ya magoti, nikitaka angalau nimwone mgongo.

Nikamkuta shangazi.

Alikuwa amekaa mwambani, na maji yalikuwa yameshamfika kifuani. Alipokuwa akivuta pweza, jiwe lilikuwa limepinduka likamwangukia mguu na kuubana kwenye ufa. Chuma chake kilikuwa kimetupwa hatua kama sita mbali naye, pahali ambapo mkono wake haufiki. Ushungi ulikuwa umeshamvuka kichwani. Uso wake ulikuwa wa rangi ya majivu.

Hakunikaripia. Alinyoosha kidole tu. "Lete chuma, mwanangu. Haraka."

Nilikipapasa majini nikampa. Akakitia chini ya jiwe, akaegemea, na mimi nikaegemea naye kwa uzito wangu wote mdogo. Mara ya kwanza jiwe halikutikisika. Wimbi lilimpiga mdomoni akatema maji. Mara ya pili lilinyanyuka kidogo, akauvuta mguu, na akatoa ukelele ambao sikuwahi kuusikia kwa mtu mzima.

Tulijikokota mpaka mchangani. Tulikaa tukihema. Mguu ulikuwa umechanika juu na vidole viwili vimepondeka, na maji nyuma yetu yalikuwa yameshaufunika mwamba wote. Ningechelewa kidogo tu, nisingekuwa na mtu wa kurudi naye nyumbani.

Baada ya muda aliniuliza, "Ulinisikia?"

"Nilisikia."

"Hukuitika."

"Hapana."

Nilingoja anipige. Badala yake alinivuta akaniweka ubavuni pake, maji ya nguo zake yakinitiririkia. "Umefanya vyema," alisema. "Umeshika maneno. Kosa ni langu, nimepiga kelele pahali pa wenyewe. Sikuwa na jinsi." Na alikuwa anaamini kila neno.

Tulirudi kwa kutambaa karibu. Alifunga mguu kwa ushungi, akatumia chuma kama mkongojo, na mkono wa pili akauweka begani kwangu. Njia ya saa moja na nusu ilitumalizia mchana wote. Bi Kazija alitupokea njiani, akamsomea shangazi kisomo na kumsafisha kwa maji ya chumvi, na kesho yake wakampeleka hospitali. Mguu ulipona, lakini tangu siku ile alitembea akiuburura kidogo, na wakati wa baridi ulimuuma.

Habari ilienea, na ilienea kwa namna yake. Nikawa mtoto aliyeshika maneno. "Mtoto wa mjini huyo," Bi Kazija aliwaambia wageni, "lakini kaitwa Mkadini kwa jina lake asiitike. Nyie wa hapahapa mngeweza?" Wanawake walinishika kichwa. Walisema kama ningeitika, mwenyewe wa pwani angetuchukua sote wawili. Mimi nilitazama chini, na wao wakadhani ni haya.

Mwezi haukuisha mama akapiga simu kwenye duka la kijijini, kama alivyokuwa akifanya mara moja kwa mwaka. Nilikimbia bila viatu. Nilipoweka simu sikioni nilimsikia mwanamke akisema, "Zuwena? Hujambo mwanangu?" na nikakaa kimya, kwa sababu sikumjua. Sauti ilikuwa nyembamba, ya haraka, yenye lafudhi ya mjini. Haikufanana hata kidogo na ile iliyoniita Mkadini. Ilikuwa ya mama, na nilikuwa nimeshaisahau. Kwa muda wa miaka miwili mwanamke aliyekuwa akiniita asubuhi na jioni, nile, nioge, nilale, alikuwa mmoja tu. Nilipotafuta sauti ya mama moyoni mwangu, niliyoikuta humo ilikuwa ya Bi Mize, na sikuwa nimejua.

Mama alirudi nilipokuwa mwari. Tunapendana kwa heshima, tunatembeleana siku za sikukuu. Lakini nikiumwa, nyumba niliyokuwa nikiitamani ilikuwa ile ya mwisho, mbele ya maweni.

Wanangu huniuliza kama naamini habari za Mkadini. Huwajibu kwamba waliotunga mwiko ule hawakuwa wajinga. Sauti pale huzungushwa na mapango mpaka hujui imetoka wapi, na mtoto anayeikimbilia kila sauti maji yatamkuta mwambani. Huwaambia pia kwamba sitoitika nikiitwa kule, hata leo na uzee huu unaoninyemelea. Hayo yote ni kweli. Lakini sijawahi kuwaambia kwamba siku ile si mwiko ulionifunga mdomo. Mwiko ulinisitiri tu. Chini yake kulikuwa na mtoto aliyetaka mtu aumie kama alivyoumia yeye, na aliyeumia hakuwa aliyekusudiwa.

Bi Mize alifariki miaka mitatu iliyopita. Nilihamia kwake wiki zake za mwisho, nikawa namkanda ule mguu kwa mafuta ya nazi ya moto, na kila nilipofika kwenye kovu nilifungua mdomo. Mara alikuwa amesinzia. Mara kulikuwa na mgeni. Mara hapakuwa na kizuizi chochote, tupo sisi wawili na taa, na nikamuuliza kama anataka chai.

Nadhani angenisamehe kabla sijamaliza kusema. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba halikuwa jambo gumu, na nilikuwa na miaka karibu thelathini ya kulisema.