Kaburi Kwenye Managu

Usimwambie Rodah habari za udongo laini. Pale kwake, nje kidogo ya Sigowet, majani chai yamefika mpaka mlangoni. Mumewe, Kipkirui, ndiye aliyeyapanda, na shina moja analipenda kuliko ndugu yake wa tumbo moja. Rodah alipoolewa alionyeshwa kipande nyuma ya jikoni, mawe matupu, mahali ambapo hata chai ilikataa kushika.

Miaka kumi na tisa aliyaokota yale mawe kwa karai. Akamwaga mbolea ya ng'ombe, jivu, maganda ya ndizi, na maji ya kuoshea vyombo. Kila mwaka kabla ya mvua ya Machi alikuwa ameshapanga mboga zake za kienyeji: saga kwenye jua, managu karibu na ukuta, sukuma mistari miwili, dania pembeni. Mwishowe udongo ukawa mweusi, ukiingiza mkono unazama mpaka kiwiko. Wanawake walitoka mbali kuomba miche, naye akawapa huku akiringa kidogo. Na kwa nini asiringe? Kitu kingine cha kuita chake hakuwa nacho.

Halafu Kipkirui akaugua kifua. Alilala miezi mitatu, na Rodah akawa anamlisha managu yaliyopikwa kwa maziwa, asubuhi na jioni. Siku moja mgonjwa akamwita rafiki yake Noah, mzee wa kanisa, akasema mkewe akisikia:

"Nikifa, nizikwe pale kwa mboga."

"Baba Chebet! Na shamba lote hili?" Rodah akauliza.

"Mng'oe chai yangu kwa sababu ya maiti? Pale udongo ni laini. Wachimbaji hawatateseka."

Jamani! Mtu amelala hoi, nani angembishia? Jioni hiyo Noah akapiga vigingi vinne kwenye pembe za kipande chote, kaburi na nafasi ya waombolezaji, akang'oa kila kilichokuwa ndani ili wageni wa matanga wasikute kichaka. Rodah aliiokota miche, akaifunga kwenye leso, akalia bila kujificha.

"Unanililia mapema," Kipkirui akasema kutoka kitandani.

Basi hakufa! Managu yale yale yalimwinua. Mwezi wa nne akatembea na fimbo, wa tano akawa anawafokea wachuma chai. Rodah alifurahi, maskini, akaandaa miche mipya, akachukua jembe.

"Wewe! Utanipandia mboga juu ya kichwa?"

"Lakini umepona, mzee."

"Nimepona leo. Hapo ni pangu."

Mwanamume huyo alikuwa na roho mbaya, wacha niseme tu. Akaweka kiti ndani ya vigingi, akawa anaota jua hapo kila alasiri, akitema makohozi kwenye udongo ule. Magugu yakajaa. Rodah akajaribu kupanda kwenye magunia, kuku wakaimaliza miche. Na chakula kikiletwa, Kipkirui anasukuma sahani: "Ugali na maziwa tena? Mwanamke gani huyu, boma zima hakuna jani la mboga?" Aliyasema hayo hata mbele ya Noah, na Noah, aliyevipiga vile vigingi kwa mkono wake, akacheka. Rodah akatoa vyombo.

Asubuhi yake Kipkirui alikuta kiti chake kimetupwa kando. Rodah alikuwa katikati ya vigingi, shimo limemfika magotini, udongo wa miaka kumi na tisa umerundikwa nje.

"Nani amekuruhusu kupanda?"

"Sipandi, mzee." Hakuinua kichwa. "Nakuchimbia. Ulisema ni laini, na ni kweli. Nikifika kwenye mawe nitakuita uje ujipime."

Rodah akatema mate kwenye viganja, akaendelea kuchimba.