Tangawizi Changa na Safari ya Chuo

Imekuwa ikisemwa huko kwetu Mamba, milimani, kwamba niliuza shamba la urithi ili nimpeleke binti yangu chuoni. Si kweli, na kwa kuwa nimestaafu na sina tena cheo cha kunizuia kusema, naweka maelezo sawa.

Serikali ilikuwa imeanza kuwataka wazazi wachangie gharama za elimu ya juu. Mimi, mtumishi wa wilaya mjini Same, ndiye niliyepandishwa milimani kuutetea utaratibu huo mikutanoni. Hakuna aliyeniuliza mshahara wangu mwenyewe ungechangia nini. Binti alipochaguliwa kwenda chuo cha ualimu, tegemeo letu lilikuwa tangawizi, nayo bado changa. Mchuuzi mmoja wa Hedaru alikuwa tayari kuinunua yote hivyo hivyo, kwa bei ya kuhuzunisha. Tungeiuza, tungebaki bila mbegu ya msimu uliofuata, na wadogo zake bado walikuwa shuleni.

Kaka yangu, ambaye shamba lake limepakana na letu, alikuja tushauriane. Binti akamwamkia, "Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba, mwalimu." Akanigeukia. "Mdogo wangu, ule mchango uliotuhubiria umekufikia?"

"Umenifikia."

"Wasomi wanapunguzwa kazini kila siku. Tangawizi sijasikia imepunguzwa."

Nilikasirika, hasa kwa sababu hakukosea. Mke wangu ndiye aliyesema, "Kwani ni lazima ing'olewe? Tufukue mama."

Mama ni kile kipande cha mbegu kilichopandwa. Mche ukishashika, mtu mwenye mkono mwepesi huweza kukitoa akakiuza, na mche ukaendelea kukua. Lakini mizizi ikijeruhiwa, kisha mvua ikanyesha, shina huoza.

"Na ikioza?" kaka akauliza.

"Itaoza baadhi, shemeji. Tukiing'oa, imekwisha yote."

Tulifukua sote, binti akiwa mbele, na kaka akashika tuta moja bila kualikwa. Vipande vile vilimfikisha binti chuoni. Mvua ikawahi. Upande wa chini, uliofukuliwa kwa mkono wangu wa kalamu, ukaoza. Matuta ya wenzangu yakasimama, nasi tukapata mbegu.

Shamba halikuuzwa. Lipo hadi leo, na ule upande wa chini jamaa zangu bado wanauita Ofisini.