Sindano ya Mtani

Lukumani bin Yahaya alikuwa dresa, msaidizi wa daktari, katika hospitali moja ya Tabora wakati wa Mwingereza, na kazi aliyojulikana nayo ilikuwa kumchoma mgonjwa sindano ya kuua maumivu kabla hajaingizwa chumba cha upasuaji. Si baada ya kisu, kabla. Watu wa Mtendeni, alikozaliwa, walimcheka kwa hilo. Tangu lini mtu akapewa dawa ya kidonda ambacho hakijakuwapo? Naye aliwajibu kwamba maumivu ni kama mgeni mkorofi: mzuie angali mlangoni, maana akishavua viatu na kukaa kitandani, humtoi.

Hakuwa anatania tu. Aliyechomwa mapema aliingia ametulia, akazinduka bila kuchachawa, na jambo kubwa kuliko yote, aliweza kukohoa. Mtu aliyepasuliwa tumbo akiogopa kukohoa, makohozi humkaa kifuani na kichomi kikaingia. Mwaka uliotangulia seremala mmoja, mtu wa miraba minne, aliikataa sindano. Alipasuliwa vizuri, mshono ukashika vizuri, kisha akafa kwa kichomi huku amelikumbatia tumbo lake, na Lukumani yuko kando anamsihi akohoe. Jambo lile lilimuuma Lukumani vibaya sana.

Sasa akaletwa mzee Masolwa, Mnyamwezi kutoka Isikizya, kwa gari la ng'ombe, bintiye Minza akimshikilia. Mzee alikuwa na ngiri. Alikuwa nayo tangu ujana wake, alipokuwa mpagazi wa kupeleka pembe za ndovu pwani kabla reli haijafika, na kila ikitoka aliirudisha ndani kwa kiganja na kuendelea na safari. Safari hii ilitoka ikagoma kurudi. Daktari, Mwingereza mmoja mpole, akasema apasuliwe asubuhi ileile.

Masolwa alikubali kisu. Sindano akakataa. Kwao wapagazi, alisema, mtu aliyeguna chini ya mzigo alivuliwa heshima kambini, akalala mbali na moto, na habari zake zikatangulia kufika kwa mkewe. Yeye hakuwahi kuguna. Hataanza leo, mbele ya binti yake, kwa kuombewa dawa kama kwamba maumivu yamemshinda kabla hayajaja.

Basi wakamsihi. Muuguzi Veneranda alipiga goti, shikamoo baba, akaeleza. Minza akalia kidogo. Daktari naye akaja na Kiswahili chake cha kuchechemea, akaeleza, akasema hawezi kumlazimisha mtu. Lukumani mwenyewe alimwamkia kwa adabu zote na kumsimulia habari ya seremala. Lo, ilikuwa kumwagia mafuta motoni! Kila aliyemnyenyekea alimzidishia mzee ukubwa, na kila ukubwa ulivyozidi ndivyo alivyokaza shingo. Sikio la kufa halisikii dawa, na la Masolwa lilikuwa limekwisha kujiziba.

Machela ikaletwa. Lukumani aliitazama, akamwona seremala waziwazi. Hapo ndipo akili ilipomjia. Ukoo wake ulikuwa wa Wazaramo. Babu yake alikuja na misafara akalowea Tabora. Na Mzaramo na Mnyamwezi ni watani, utani wa njia ile ile ya mizigo, na mtani hata msibani hutwaa vitu na kufanya mzaha bila kukasirikiwa. Adabu ya nini tena?

Akaivua adabu ile. Akaketi kitandani kwa mzee bila hodi, akamvuta shuka.

"Shuka hii nzuri. Nitaanza nayo."

Masolwa akamkodolea macho. "Wewe nani wa kunivuta shuka?"

"Mzaramo. Mtani wako. Mazishi yako ni yangu, Mnyamwezi. Nitashuka kaburini nilale, na sitoki mpaka Minza ameleta mbuzi. Tena si mbuzi kilema. Halafu nitasimama niwatangazie waombolezaji: marehemu alibeba pembe mpaka Bagamoyo, akafa kwa kuogopa kisindano kidogo kama mwiba wa mgunga."

Muuguzi Veneranda aliziba mdomo. Minza alitazama chini. Mzee alijaribu kununa, maana alikuwa na haki ya kununa kwa mtu mwingine yeyote duniani, lakini kwa mtani je? Alisema Wazaramo ni watu wa kubebwa, babu yake Lukumani bila shaka aliletwa Tabora mgongoni kwa Mnyamwezi. Lukumani akakiri kwamba ndivyo, na kwamba Mnyamwezi huyo alinuka michembe, vile viazi vyao vya kukausha, njia nzima.

Hapo mzee akacheka. Na kicheko kikamkata tumboni. Akajikunja, akashika ngiri kwa mikono miwili, na mguno ukamtoka, mrefu, wa mtu aliyeukalia miaka na miaka. Mficha maradhi kilio humfichua. Huyu alifichuliwa na kicheko. Chumba kizima kilisikia, na hakuna aliyemdharau.

"Choma, Mzaramo," alisema alipopata pumzi. "Umekwisha nivua nguo."

Lukumani akachoma. Wakangoja mpaka dawa ikaenea, ndipo wakambeba.

Kesho yake asubuhi Lukumani alimwekea mto juu ya mshono, akamwambia aubane na akohoe. Masolwa akakohoa. Akakohoa tena, kifua kikasafika, na Lukumani akashukuru Mungu kwa sauti.

Mzee hakushukuru. Alikuwa akilitazama paa la chumba.

"Jana uliponichoma," alisema, "kabla hawajanibeba, nililala pale nikaupapasa mwili wangu wote. Hapakuwa mahali panapouma. Hata mahali pamoja. Lukumani, kumbe ninyi wenzetu ndivyo mnavyoishi, siku zote?"

Lukumani aliuweka utani kando. Akamwinamia mzee, akamfuta machozi kwa pindo la shuka, akamwambia akohoe mara moja zaidi.