Maana ya Jina la Truphosa

Kila Jumapili Wakenya wa Stockholm walipokutana kwa ibada katika ukumbi wa kukodi kule Sundbyberg, aliyewasha jiko alikuwa Truphosa. Alipanga viti, akasonga ugali wa umati mzima, na Jumatatu akarudi kwenye kibarua chake cha kufua mashuka ya makao ya wazee. Mume alikuwa amemkimbia, naye hakumlilia mtu shida.

Basi Jumapili moja mwaka 1986, Bethuel, mzee wa ushirika, akasimama mimbarani kueleza asili ya majina. La Truphosa, alisema, ni la Kigiriki, maana yake mwanamke wa anasa, aliyelainika kwa starehe. Akaongeza kwa tabasamu kwamba si ajabu mume alishindwa kumtunza. Watu wakacheka. Truphosa akainamia sufuria yake.

Kesho yake akamuuliza mama wa Kigiriki aliyefua naye. Yule mama akakubali kuwa jina lilitoka kwenye neno la anasa, na kwamba Wagiriki wa kale waliwapa mabinti jina hilo wakiwatakia maisha mororo. Lakini akamkumbusha kuwa Truphosa aliyesalimiwa na Mtume Paulo alisifiwa kwa kuchapa kazi. Bethuel alilijua hilo fika. Alilimeza makusudi apate kicheko. Truphosa akaapa kumwaibisha palepale alipoaibishwa.

Akangoja hadi siku ya Bethuel kusimikwa mchungaji, wazee wawili wakaja kutoka kwao Vihiga, magharibi mwa Kenya, kushuhudia. Kuku wa dukani huja bila matumbo, kwa hiyo Truphosa alikwenda kwa mfugaji nje ya Upplands Väsby akanunua jogoo mzima. Kwao Waluhya firigisi ni ya mwanamume mwenye heshima, mwanamke haigusi. Mwenye heshima siku hiyo alijulikana.

Bethuel akafunua bakuli lake mbele ya wazee. Ndani mlikuwa na shingo na miguu, chakula cha watoto. Akauliza kwa sauti ya chini firigisi iko wapi.

Truphosa alikuwa ameketi meza kuu, akimtazama. Firigisi ilikuwa kwenye sahani yake.

"Jina langu ulilieleza wewe mwenyewe, Mzee," akasema. "Leo nimelifuata."

Akaiuma, akaitafuna taratibu, hana haraka hata kidogo. Safari hii hakuna aliyecheka. Wazee wale wangerudi Vihiga na habari hiyo, na kwa Truphosa utamu wake ulizidi ule wa nyama. Akamwomba Wilkister, aliyeketi kando yake, amsogezee chumvi.