Waya wa Mkono wa Mama

Fundi wa dishi alipokata waya juu ya paa langu, harufu ya shaba ilinirudisha utotoni, Loliondo. Baba alikuwa amenunua redio mpya mnadani, nayo ilikwaruza tu. Akasema inataka antena. Akamwangusha mama, akamkandamiza kwa goti, akauchomoa kwa koleo waya wa shaba aliozungushiwa mkononi siku ya ndoa. Ngozi ilitoka nao. Nililia, nikapigwa teke. Kwetu mwanamke huvuliwa waya ule siku anapofiwa na mume tu.

Baba akaunyoosha kwa jiwe, akaufunga juu ya mti. Redio ikasema vizuri. Akacheka, akamwita mama aje asikilize.

Mama aliwageukia majirani waliovutwa na sauti ya redio, mkono ukivuja damu.

“Nisaidieni kulia,” akasema. “Mume wangu amekufa.”